Jimbo la Mashariki: jimbo lililopigiwa kura mara moja tu
(Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa historia, Morogoro)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi vijana wa sekondari mliojaza viti vya nyuma, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie historia ya uchaguzi katika sehemu hii ya nchi. Wengi wakipewa mada hii huanzia 1965, uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, au hurukia 1995 vyama vingi viliporudi ulingoni. Mimi nataka kuwarudisha nyuma zaidi, kwenye jimbo la uchaguzi ambalo leo halimo katika ramani yoyote ya Tume ya Uchaguzi. Ni Jimbo la Mashariki. Lilipigiwa kura mara moja tu, Septemba 1958. Ulipofika uchaguzi wa Agosti 1960 lilikuwa limeshavunjwa na kugawanywa. Maisha yake hayakutimiza hata miaka miwili.

Lakini hilo ndilo jimbo lililompeleka Julius Nyerere katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za watu kwa mara ya kwanza. Aliwahi kuingia humo kabla, ila kwa kuteuliwa na Gavana, na uteuzi wa mwisho aliuacha mwenyewe Desemba 1957 alipoona hoja za TANU hazisikilizwi. Kuchaguliwa ni jambo jingine. Na alipochaguliwa, hakuchaguliwa Musoma kwao, wala Dar es Salaam alikokuwa akiishi na kuendesha chama. Alichaguliwa na watu wa huku: Morogoro, Kilosa, Ulanga, Bagamoyo, Kisarawe, Rufiji. Inaniuma kuona mwanafunzi anamaliza kidato cha nne hapa hapa Morogoro, anaijua Tabora, anaijua Butiama, anaujua Mnazi Mmoja, wala hajaambiwa kwamba ardhi anayoikanyaga ilikuwa jimbo la kwanza la Mwalimu.

Tuanze na ukubwa wake, maana bila ukubwa hamtaelewa ugumu wake. Kwa uchaguzi huo wa kwanza Tanganyika ilikatwa majimbo 10, na mengi yalifuata mipaka ya mikoa ya kiserikali ya wakati ule. Dar es Salaam iliwekwa peke yake. Jimbo la Mashariki likachukua sehemu kubwa ya maeneo ambayo leo tunayaita Mkoa wa Pwani na Mkoa wa Morogoro. Fikirini mgombea anayetakiwa kuongea na mwalimu wa Bagamoyo, karani wa mkonge Kimamba, mfanyabiashara wa Utete na mkulima wa Mahenge, wote wakiwa wapiga kura wa kiti kimoja. Reli ya Kati ilimfikisha Morogoro na Kilosa. Kwingine kote ilikuwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, na Rufiji ikijaa, hata hiyo haikuwapo.

Sasa tuje kwenye sheria ya uchaguzi wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu siri yote ya jimbo hili imo humu.

Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu, kimoja cha Mwasia. Gavana Edward Twining aliita huo usawa wa jamii. Sensa ya 1957 ilikuwa imehesabu Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, na Wazungu wapatao 20,000 tu. Basi watu milioni 8 na watu 20,000 walipewa viti sawasawa, 10 kwa 10. Kuita mgao huo usawa kulihitaji ujasiri wa aina yake.

Halafu kulikuwa na sharti la kura tatu. Mpiga kura hakuruhusiwa kumchagua mtu wake na kwenda zake nyumbani. Alilazimika kuchagua watatu, mmoja kwa kila kiti. Akimwacha hata mmoja, kura yake yote inaharibika. Yaani Mwafrika aliyetaka kumpa Nyerere kura yake alipaswa kwanza akubali kumpigia Mzungu na Mwasia. Leo tunalisoma jambo hilo kwa utulivu. Kwa mwanachama wa TANU wa mwaka 1958, aliyekwisha kutukanwa na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, na kutozwa faini kwa kutotengeneza matuta, lilikuwa tusi.

Sharti la tatu lilihusu nani aandikishwe. Umri miaka 21 na zaidi, na uwe umeishi nchini muda uliowekwa. Kisha uwe na moja kati ya haya: elimu ya darasa la 8, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, sawa na shilingi 250 kila mwezi. Mkata mkonge wa Kilosa hakuzikaribia fedha hizo hata kidogo. Mkulima wa mpunga wa Rufiji, mvuvi wa Bagamoyo, mama anayeuza ndizi soko la Mjini hapa, wote walibaki nje. Nchi nzima walioandikishwa hawakufika 60,000. Katika kila watu 100 wa Tanganyika, hata mmoja kamili hakupatikana.

Vijana, hapo naomba mtulie mfikirie. Watu waliojenga TANU katika jimbo hili, waliotoa senti zao, waliokaa juani kusikiliza mikutano, wengi wao sana, wanawake kwa wanaume, hawakuwa na haki ya kuipigia TANU kura.

Na huku kwetu walikuwa na sababu ya kuitaka haki hiyo. Wazee wa Uluguru mnajua ninachosema. Serikali ilikuja na mpango wa kuhifadhi udongo wa milimani, ikawalazimisha Waluguru wachimbe ngazi za matuta kwenye miteremko. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Mlimani, wakulima waliona udongo mzuri wa juu unafukiwa na ule usiozaa unaletwa juu, na siku za kulima zinaliwa na kazi ya lazima. Julai 1955 hasira ililipuka Matombo. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Baada ya hapo serikali ililegeza kamba na mpango ukafa, lakini watu walikwisha kujifunza kwamba amri ya serikali inaweza kukataliwa na wengi ikarudi nyuma. TANU haikuleta hasira hiyo Uluguru. Iliikuta, ikaipa kadi na mwenyekiti.

Kwa hiyo miaka mitatu tu baadaye, serikali ile ile inasema: haya, njooni mchague, lakini waliochimba ngazi wasije, waje wenye darasa la 8. Chama kingejibu nini?

Swali hilo ndilo lililopelekwa Tabora Januari 1958, kwenye mkutano mkuu wa TANU. Mnaujua kwa jina la Uamuzi wa Busara, na vitabu vya shule huupitia kwa mistari miwili, kama vile busara iliingia ukumbini na kila mtu akakubali. Haikuwa hivyo. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameamua kususia. Hoja yao ilikuwa nzito: kushiriki ni kuukubali ubaguzi, ni kutia sahihi kwamba Mzungu mmoja ni sawa na Waafrika mia kadhaa. Zuberi Mtemvu alisimama upande huo, na uamuzi ulipopita kinyume chake alitoka TANU akaunda chama chake cha African National Congress. Bhoke Munanka naye alipinga, lakini akabaki chamani. Nawaomba walimu msiwafundishe wanafunzi kwamba wapinzani wale walikuwa wakorofi. Walisema jambo la kweli.

Nyerere alisema jambo jingine ambalo pia ni la kweli. TANU ikisusia, viti havitabaki wazi. Vitachukuliwa na UTP (United Tanganyika Party), chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana. Nacho kikikaa ndani ya Baraza kitasema kwa jina la watu wa Tanganyika, na Umoja wa Mataifa, ambao nchi hii ilikuwa chini ya udhamini wake, utaambiwa: hawa hapa ndio wawakilishi waliochaguliwa.

Kulikuwa na hesabu pia. Hata kwa masharti yale ya kubana, wengi wa walioandikishwa walikuwa Waafrika. Na sheria inamlazimisha kila mpiga kura achague watatu. Basi ni nani atakayeamua Mzungu gani apate kiti cha Mzungu? Ni Mwafrika mwenye kura. Mwasia gani aende Barazani? Ni huyo huyo. Kifungu kilichowekwa ili kumfunga mikono mpiga kura wa TANU kiliweka mikononi mwake viti vyote vitatu, mradi chama kiweze kumwambia kila mmoja majina matatu, na kila mmoja ayafuate. Mtu aliyeandika sheria hiyo alidhani Waafrika watagawanyika. Hakuhesabu kwamba watajipanga.

Ndiyo maana TANU, ambayo wakati huo ilikuwa haipokei wanachama wasio Waafrika, ilikwenda kutafuta Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono. Kaskazini akapatikana Derek Bryceson, mkulima, na Sophia Mustafa wa Arusha, wakasimama pamoja na Solomon Eliufoo. Nyanda za Juu Kusini akapatikana Lady Marion Chesham. Amir Jamal naye aliingia Barazani kwa uchaguzi huo, na wazee wa Morogoro mnamkumbuka vizuri, maana baadaye alikuwa mbunge wenu kwa miaka mingi.

Sasa kwa nini Nyerere agombee huku, wakati yeye ni Mzanaki wa Butiama? Sheria iligawa uchaguzi katika awamu mbili. Majimbo matano yapige kura Septemba 1958: Tanga, Kaskazini, Mashariki, Magharibi na Nyanda za Juu Kusini. Mengine matano yasubiri Februari 1959, na Kanda ya Ziwa na Dar es Salaam zilikuwa katika hayo ya mwisho. Isitoshe, Usukumani TANU ilikuwa imezuiwa kufungua matawi tangu 1954, na mwaka huo wa 1958 Geita kulikuwa kunatokota. Rais wa TANU angesubiri zamu ya kwao, Baraza jipya lingefunguliwa Oktoba yeye akiwa nje. Kwa maoni yangu hilo peke yake lilitosha kumleta Mashariki, jimbo lililo karibu na ofisi yake na lenye matawi yenye moto wa Uluguru.

Lakini kabla ya kufika kwenye sanduku la kura ilibidi apite mahakamani. Alikuwa ameandika katika Sauti ya TANU akiwashutumu Mabwana Shauri wawili, serikali ikamshitaki kwa kashfa. Kesi ikasikilizwa Dar es Salaam katikati ya mwaka ule ule wa uchaguzi, wakili wake akiwa D. N. Pritt kutoka Uingereza. Agosti 1958 akatiwa hatiani. Adhabu: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka aende jela, maana jela ilikuwa imewajengea jina viongozi wengi wa Afrika. Faini ikalipwa, akabaki huru, na wiki chache baadaye akawa mgombea mbele ya wapiga kura wenu.

Tazameni tena hiyo shilingi 3,000. Ni pauni 150, kiasi kile kile ambacho sheria ilimtaka mtu akipate kwa mwaka mzima ndipo aandikwe kuwa mpiga kura. Huyo mkata mkonge asiyestahili kupiga kura ndiye mtu wa aina iliyokuwa ikichanga senti kukinusuru chama. Sijui kama hakimu aliliona hilo. Mimi kila nikifundisha mwaka 1958 naliandika ubaoni, upande huu faini, upande huu sharti la kura, namba ile ile mara mbili.

Mpinzani wa Nyerere kwa kiti cha Mwafrika alikuwa Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru, aliyesimama bila kuwa mgombea wa TANU. Jina lake limo katika orodha ya watu 17 walioianzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo wapiga kura wa Mashariki hawakuwa wakichagua kati ya mzalendo na kibaraka. Walikuwa na mtu wa nyumbani, msomi, anayeijua milima na koo zake, upande mmoja, na mgeni kutoka Ziwa mwenye kesi mahakamani upande wa pili. Kwa siasa za ukabila tulizoziona kwingine, tungetegemea nini? Nyerere alipata kura zipatazo 2,600. Kunambi akapata kama 800.

Namba hizo ni ndogo. Leo diwani wa kata moja tu hupata zaidi ya hapo. Ila msizisome kama namba za kata. Ni watu elfu tatu na kitu waliosimama badala ya jimbo zima, na robo tatu yao wakafuata njia moja. Walimu wa shule za misheni, makarani wa boma, wahudumu wa afya, wenye maduka. Wengi walikuwa waajiriwa wa serikali, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Kadi hawana, mikutanoni wanapita pembeni, lakini karatasi ya kura wanayo. Naona watu hao hatujawapa heshima yao. Mkulima wa Matombo alikuwa na hasira bila kura, mwalimu wa Mgeta alikuwa na kura bila kadi, na Septemba ile wakahitajiana.

Kwingineko mambo yalikwenda vile vile. Wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walizoa awamu ya kwanza. UTP haikupata chochote cha maana, haikuchukua muda ikafa. Mtemvu aligombea Tanga, akapata kura 53. Ilipofika Februari 1959, sehemu kubwa ya viti vya awamu ya pili vilipita bila kupingwa, kwani nani angetaka kwenda kupigwa hadharani?

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Gavana mpya, Richard Turnbull, alipofungua Baraza Oktoba 1958 alitamka kwamba serikali ya Tanganyika ya baadaye itakuwa na Waafrika wengi, maneno ambayo Twining hakuyasema. Wajumbe waliochaguliwa, wa rangi zote tatu, wakaunda umoja wao ndani ya Baraza na Nyerere akauongoza. Julai 1959 wakaingia mawaziri watano kutoka miongoni mwao: Chifu Abdallah Fundikira, Eliufoo, George Kahama, Bryceson na Jamal. Kamati ya Ramage ikakaa kupanga uchaguzi unaofuata, na hapo ndipo mkataji alipolifikia jimbo letu. Kura tatu zikafutwa. Viti vikawa 71, ambavyo 50 viliachwa wazi kwa mtu yeyote, na vichache vikatengwa kwa Waasia na Wazungu. Majimbo makubwa ya 1958 yakapasuliwa kuwa madogo. Sharti la kipato likashushwa hadi pauni 75, na anayejua kusoma na kuandika Kiswahili akakubaliwa. Agosti 30, 1960 TANU ikatwaa viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya vyote havikupingwa kabisa. Baadaye mikoa yenyewe ya kikoloni ikavunjwa, na Mashariki ikabaki katika majalada.

Jimbo hili lilikufa kwa mkono wa watu liliowachagua. Sikumbuki jimbo jingine katika nchi yetu ambalo mshindi wake aliingia Barazani akiwa na kazi ya kuhakikisha halitapigiwa kura tena kwa masharti yale. Nyerere hakuwaomba watu wa Mashariki wamlinde ili arudi kwa tiketi hiyo hiyo. Aliwaomba wautumie mlango mbovu mara moja, ubomolewe. Na tujiulize pia gharama. Mwaka 1958 Baraza lilikuwa na upinzani wa aina fulani. Mwaka 1960, viti 58 bila kushindana. Mwaka 1965, chama kimoja. Nidhamu ile ya kufuata majina matatu yaliyotajwa na chama iliangusha mpango wa Twining, na mimi naiheshimu kwa moyo wote. Lakini mtu anayefundisha historia hana budi kusema pia kwamba ilituzoesha kupokea jina kutoka juu na kulipigia kura bila kuuliza. Yote mawili yalizaliwa katika uchaguzi mmoja, na wanafunzi wetu wana akili ya kutosha kuyabeba yote mawili.

Nimalizie kwa kazi ninayowaachia. Aliyekuwa na miaka 21 Septemba 1958 alizaliwa mwaka 1937 au kabla ya hapo. Wamebaki wachache sana, na wengine wako katika familia zenu bila ninyi kujua kwamba walipiga kura ile. Wanafunzi, likizo hii nendeni Matombo, Mgeta, Kilosa, Ifakara, nendeni hata Utete na Bagamoyo kwa wenye ndugu huko. Muulizeni babu au bibi: aliandikishwa kwa elimu, kwa kipato au kwa cheo? Kura ilipigwa jengo gani? Nani alimtajia majina matatu, na lini? Alipoweka alama kwa Mzungu na kwa Mwasia alikuwa anawaza nini? Kama hakuandikishwa, alikuwa wapi siku ile, na alimtuma nani? Andikeni jibu kwa maneno yake mwenyewe, msiyanyooshe. Kama kuna hati ya zamani, kadi, risiti ya mchango wa kesi, picha, ipigeni picha na kuirudisha mikononi mwa mwenyewe. Walimu wa historia tumekubaliana kuyapokea muhula ujao na kuyaweka maktaba ya shule, yenye jina la kijiji na tarehe. Nawakaribisha kwa maswali, na wazee waanze.